Orodha ya waliochukua mbolea ya ruzuku nayo isomwe mkutanoni

Mwanzisha mada ameuliza iwapo ni halali majina ya wakulima wanaopata mbolea ya ruzuku kubandikwa hadharani, na aliyetangulia kumjibu amesema hapana, kwa kuwa kipato cha mtu ni siri yake. Mimi nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Vocha ya Kijiji huko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, enzi za mpango wa vocha za pembejeo (hati za kumpunguzia mkulima bei ya mbolea na mbegu) ulioanza msimu wa 2008/09 na kukoma 2013/14, na jibu langu ni kwamba yabandikwe, tena mara mbili: kabla mbolea haijatolewa, na baada ya kuchukuliwa.

Utaratibu wa vocha ulikuwa mzuri katika hatua ya kwanza. Kamati ya wajumbe 6, wanawake 3 na wanaume 3, ilichaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Tulipendekeza kaya zinazolima eneo lisilozidi hekta 1, tukizitanguliza zinazoongozwa na wanawake, kisha majina yakasomwa mkutanoni ili wananchi wayapitishe au wayakatae. Nilishuhudia jina la ndugu wa kiongozi likikatwa kwa sababu bibi mmoja alisimama akasema huyo ana trekta na wote mnalijua.

Shida ilianza majina yakishapita. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei, na nusu nyingine ilimwelemea mkulima mwanzoni mwa msimu, wakati ghala limebaki na chakula cha kupimia. Aliyeshindwa kuongezea alifuatwa na wakala wa kuuza pembejeo, akapewa pesa kidogo mkononi, akaweka saini au dole gumba kwenye vocha ya mbolea ya kupandia (DAP) na ya kukuzia (urea), naye wakala akaenda kuidai benki thamani yake kamili bila kutoa hata mfuko mmoja. Kwenye makaratasi kijiji kilikuwa kimepata mbolea, ilhali mahindi shambani yalikuwa ya njano. Niliomba orodha ya vocha zilizolipwa ili tuilinganishe na ile tuliyoipitisha, nikajibiwa kwamba hesabu hizo si za kijiji. Kwa hiyo mkutano uliomjua mwenye trekta haukupewa nafasi ya kusema nani hakupata kitu.

Ruzuku ya sasa, iliyozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, imeziba sehemu ya tundu hilo, kwa maana mkulima anasajiliwa pamoja na ekari zake, anapata namba ya usajili, na wakala anaingiza kila mauzo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Serikali inaweza kujua mfuko umeuzwa kwa namba ipi. Hata hivyo mfumo haumjui mtu aliyeandikisha ekari 20 ilhali analima 3, wala haumwoni mama ambaye namba yake iko kwenye simu ya mtu mwingine. Majirani wanawajua wote wawili.

Hoja ya faragha naiheshimu. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kuchapisha majina ya watu binafsi wote waliopokea fedha za kilimo bila kutofautisha kiasi walichopata. Kanuni zilizofuata zikarudisha majina, zikiwaficha wapokeaji wadogo. Lakini huko orodha iliwekwa mtandaoni kwa dunia nzima, na ilionyesha fedha anazolipwa mtu. Ninachoomba ni karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, msimu ukiisha, yenye jina, ekari zilizosajiliwa, mifuko iliyochukuliwa na wakala aliyeiuza. Namba ya simu na ya kitambulisho cha taifa zisiwepo kabisa.

Kwa mwanzisha mada: msisubiri agizo kutoka juu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3, basi ombeni ajenda hii iingizwe na muhtasari uandikwe. Mtendaji wa kijiji akisema hana takwimu, andikeni barua wilayani mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.