Boksi jeupe la jikoni kwangu na mabati ya mama

Ndugu zangu, salaam.

Ile sauti ya dakika nne aliyorekodi mdogo wangu nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikanyamaza. Ya tatu nilikuwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, machozi yakanitoka mbele za watu, nao wakageukia madirishani kana kwamba hawajaona. Ndiyo adabu ya huku Leeds, Uingereza.

"Dada kajiwekea mtambo wa milioni nane ukutani wa kuota joto, mama analala chini ya bati la kutu." Ndivyo ulivyosema, mdogo wangu, na ukoo mzima umesikia, mpaka Mjomba wa Korogwe mwenye kitochi, ambaye sijui hata ilimfikiaje. Haya. Naandika, sirekodi, maana nikirekodi nitapiga kelele na mtoto amelala.

Kwanza, si friji kama ulivyodhani, Shangazi. Ile picha niliyomtumia binamu ni ya boila. Kimo chake ni kama ndoo mbili za lita ishirini zilizopandanishwa, imening'inia ukutani juu ya sinki. Inachoma gesi, inapasha maji, maji yanazunguka kwa mabomba mpaka kwenye vyuma vilivyobanwa ukutani kila chumba. Vyuma vyenyewe ni rejeta. Ndiyo, jina lile lile la kwenye gari, ila ya gari inatupa joto nje na hii inalimwaga ndani. Maji ya kuoga nayo yanatoka humo humo, papo kwa papo, hakuna tangi. Na Mjomba, usiulize kwa nini nisitumie umeme: uniti moja ya umeme huku ni kama mara nne ya uniti ya gesi. Najua gesi tunayo Songo Songo na Mtwara. Huku bomba lake linapita chini ya barabara na kuingia mpaka jikoni kwa mtu, na mita inahesabu.

Milioni nane ni kweli. Sikatai. Pauni 2,800 pamoja na ufundi, kwa mkopo wa miaka mitatu. Ile niliyoikuta kwenye nyumba ilikufa Novemba 2021, na Leeds mwezi wa kumi na moja haisubiri mtu ajipange. Tulikaa siku tisa bila joto. Nyumba yangu ni ya matofali mekundu, ina zaidi ya miaka mia, inavuja upepo kila pembe. Mtoto alilala na koti, soksi mbili na kofia, akihema unaona mvuke. Nyuma ya kabati ukuta ukaota ukungu mweusi. Msiniambie habari za Lushoto. Baridi ya Lushoto naijua, nimezaliwa nayo, baridi ya Julai, ya sweta na chai ya tangawizi, ikifika saa nne asubuhi jua limeshatoka. Hapa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na siku nyingi hata hilo la kuzama hulioni.

Kwa hiyo boila nilinunua, na kesho ikifa nitanunua nyingine, na hamtanisikia nikiomba radhi.

Linaloniuma ni jingine, nanyi hamlijui. Nilikuwa nimeapa sitalisema.

Tangu mwaka 2005, Uingereza boila ya gesi inayofungwa nyumbani lazima iwe ya aina hii ya kubana matumizi. Kwenye karatasi inasema asilimia 90 na zaidi ya joto la gesi linabaki ndani ya nyumba. Zile kuukuu nyingi zilikuwa zinapoteza robo nzima au zaidi kupitia bomba la moshi. Nikasoma, nikafurahi, nikamwambia mama kwa simu: nikiokoa kwenye gesi, natuma mabati. Arobaini. Mnakumbuka ahadi hiyo, maana mnanikumbusha kila Idd.

Sasa sikilizeni inavyookoa. Mnajua sufuria ya wali ikifunikwa. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unageuka maji, na ukiushika mfuniko huo bila kitambaa utakiona cha moto. Joto lile limetoka kwenye mvuke pale ulipogeuka kuwa maji. Boila hizi zina mfuniko wao ndani. Gesi ikiungua inatoa mvuke mwingi, mvuke unagonga vyuma ambamo maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapita, unakuwa maji, na joto lake linarudi kazini badala ya kwenda angani. Lakini mfuniko lazima uwe umepoa. Maji yanayorudi yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki, unapita zake.

Fundi aliyeifunga aliiacha nyuzi 80. Hakunieleza, nami sikuuliza. Nilijua ya moto zaidi ndiyo nzuri, nikishika rejeta inaniunguza, nikasema hela yangu inafanya kazi. Nilinunua mashine ya kuvuna mvuke, nikaiwekea mfuniko wa moto.

Misimu miwili ya baridi. Na msimu wa pili ndio ule wa 2022, bei ya gesi ilipochanganyikiwa baada ya vita vya Ukraine kuanza. Oktoba ya mwaka huo serikali ilizuia bei za uniti ili nyumba ya matumizi ya kawaida iangukie kwenye pauni 2,500 kwa mwaka, gesi na umeme pamoja. Mwaka mmoja nyuma hesabu hiyo hiyo ilikuwa pauni 1,277. Mshahara wangu wa kuwageuza wazee vitandani usiku haukupanda hivyo. Haukupanda nusu ya hivyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyekuja kuihudumia majira ya kuchipua 2023. Alishika kile kibomba cheupe cha plastiki kinachotoa maji ya mvuke nje, akasikiliza kama daktari, akaniuliza kama huwa nasikia maji yakitiririka. Nikasema mara chache. Akazungusha kitufe kutoka 80 mpaka 55. Kidole kimoja, sekunde mbili. Ya maji ya kuoga ina kitufe chake pembeni, hakuigusa. Rejeta siku hizi haziunguzi, zina uvuguvugu tu, na inabidi ziwashwe mapema na zikae muda mrefu, lakini nyumba ni ile ile na joto ni lile lile.

Wanaopiga hesabu hizi husema kushusha hivyo kunaokoa gesi asilimia 6 hadi 8. Mimi sikusoma hesabu sana lakini nilikaa kitandani na karatasi. Gesi peke yake ilikuwa imenila zaidi ya pauni 2,500 kwa misimu ile miwili. Asilimia 8 ni pauni 200. Ni laki sita na ushei. Ni mabati ishirini.

Nusu ya paa la mama ilitokea kwenye tundu la ukutani, nyuma ya nyumba, juu ya mapipa ya takataka. Nami nilikuwa nasimama na kuutazama ule mvuke asubuhi, nikiona unapendeza.

Basi. Nimesema.

Msidhani hapo ndipo gharama ilipoishia. Kila mwaka lazima aje fundi mwenye kadi ya Gas Safe, yaani aliyesajiliwa kwa kazi za gesi, kisheria mwingine haruhusiwi kugusa gesi, na ukiruka mwaka mmoja dhamana ya kiwanda inakufa. Hiyo ni kama pauni mia. Mimi nimeshajifunza kutoa upepo kwenye rejeta kwa ufunguo wake mdogo. Ikiwa baridi juu na moto chini, ni upepo. Ikiwa baridi chini, ni tope jeusi la kutu, hilo si langu, ni la fundi na ni la hela. Dada yetu wa London yeye maji yake yana chokaa, inaganda ndani kama kwenye birika, kila siku analia na lake.

Halafu presha. Kila Jumapili nampigia mama, nauliza presha imesomaje, kisha nainama chini ya boksi kuangalia presha ya boila. Ikiwa imepoa inatakiwa isome kati ya 1 na 1.5. Ikishuka sana mashine inagoma, unafungua kikoki cha chini kidogo, maji yanaingia, unafunga. Ya mama nayo ingekuwa na kikoki ningefurahi.

Na ile siku ya Januari. Nje nyuzi 6 chini ya sifuri, natoka zamu saa moja, nakuta nyumba barafu na boila inaguruma tumboni kama mtu aliyekula embe bichi. Nikapiga simu. Akaja kijana, akatoka nje, akachukua jagi, akamwagia kile kibomba cheupe maji ya uvuguvugu. Kumbe maji ya mvuke yaliganda humo ndani, hayana pa kutokea, mashine ikajizima. Akabonyeza kitufe, ikawaka. Dakika kumi, pauni 95. Niliomba anieleze kwa nini maji yasiwe ya kuchemka, nipate angalau elimu kwa hela yangu. Akasema bomba litapasuka. Mara ya pili ilipoganda nilitoka mwenyewe, kanga juu ya koti, jagi mkononi, theluji hadi vifundoni. Jirani aliniona dirishani akanipungia mkono. Sijui alidhani natambika.

Sasa wewe mpwa wangu uliyeniandikia pembeni, "Ma'mkubwa nifanyie mpango nije hata kubeba boksi." Usije. Boksi utakalobeba litakubeba wewe. Utaanza kwenye chumba cha kupanga ambacho kitufe cha joto anacho mwenye nyumba, au mita ya gesi ni ya kadi, kama LUKU, ikiisha usiku wa manane utajifunika hata pazia. Nimepita humo. Kaa nyumbani, kuna jua, kuna mama.

Lakini upo VETA unasoma ufundi bomba, sivyo? Maliza. Maliza vizuri, na hesabu usizikimbie, na Kiingereza cha kuandika. Maana yule kijana wa jagi aliondoka kwangu na pauni 95 akaenda nyumba nyingine ya mtaa huo huo. Cheti chako hakitakuruhusu kugusa gesi huku, utasoma tena na kupimwa upya, lakini mkono unaojua bomba unajua bomba. Ukija hivyo, njoo. Ukija vingine usinipigie ukiwa uwanja wa ndege. Nasema hivyo, na wewe unajua nitakuja kukuchukua.

Na wewe mdogo wangu, mimi na wewe tutaongea. Nimekukasirikia na bado nimekukasirikia. Mkopo wa boila niliumaliza Novemba 2024. Tangu hapo mmepokea ada mbili, matanga ya babu na mchango wa harusi yako, uliyonihesabia kwa dola mimi ninayelipwa kwa pauni. Ila bati la mama linavuja kweli, na wewe ndiye unayeweka ndoo usiku, si mimi. Mimi nipo huku nasikiliza rejeta zikilia ta-ta-ta zinapopata moto. Hilo najua.

Jambo moja lisilo na mzaha. Mama ameniambia Julai iliyopita alikuwa anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Kwangu nina king'ora kidogo ukutani, pauni ishirini tu, cha kunusa hewa ya kaboni monoksidi, kwa sababu boila ikiharibika inaweza kuitoa na haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, basi. Jiko la mkaa linaitoa kila siku bila kuharibika. Litolewe nje kabla hajalala, hata likiwa majivu matupu juu na makaa machache chini, hasa likiwa hivyo, maana ndipo mtu hudhani limezimika. Nimenunua king'ora kingine, atakuja nacho jirani yetu wa Soni anayerudi mwezi ujao, pamoja na betri zake. Kitundikwe chumbani kwa mama, kisiwekwe sebuleni kama pambo.

Mabati natuma tarehe 28, mshahara ukiingia. Ishirini, si arobaini. Fundi aanzie upande wa chumba cha mama, na risiti za dukani nizione kwa picha, nyote mnajua kwa nini.

Na aliyeweka boila yangu kwenye status yake na maneno "Mungu hamtupi mja wake" aitoe. Nyuma ya picha naonekana na kilemba cha kulalia.