Maswali na majibu: Serikali zimenuniana, miji ifanyeje?

Nilipogusia hapa kwamba miji ya nchi zilizokosana inaweza kushikana mikono kabla ya wakubwa wao kupatana, barua zilimiminika, nyingine za matumaini, nyingine za hasira. Nimechagua nane na kuzifupisha. Majina nimeyaacha, maana baadhi ya walioandika wanaishi mahali ambapo barua ya namna hii inaweza kumletea mtu wageni usiku wa manane.

Nchi yetu na ya jirani zimefukuziana mabalozi. Mji wetu unaruhusiwa kweli kufanya udugu na mji wa huko, au tunajitafutia kesi? (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, inategemea sheria za kwenu, na hilo ulichunguze kabla hujamwandikia mtu yeyote. Nchi nyingi zinasema mambo ya nje ni ya serikali kuu. Lakini hati ya miji dada haigawi mpaka, haitambui serikali ya mtu, haifuti deni. Ni ahadi ya watu kutembeleana na kufanya kazi pamoja, ndiyo maana hupenya mahali ambapo balozi hapenyi.

Seattle iliungana na Tashkent mwaka 1973, Vita Baridi ikiwa bado inaendelea, ikawa mara ya kwanza kwa mji wa Marekani kuwa na dada ndani ya Muungano wa Kisovieti. Mobile, mji wa bandari katika jimbo la Alabama, uliungana na Havana mwaka 1993. Wakati huo Marekani na Cuba hazikuwa na uhusiano wa kibalozi tangu 1961, na uhusiano huo ulirudi 2015.

Ila usije ukadhani miji hiyo huamka tu asubuhi ikaanza. Mwaka 1986 Saarlouis ya Ujerumani Magharibi ilikuwa ya kwanza kupata mji dada Ujerumani Mashariki, Eisenhüttenstadt. Ruhusa ilitoka juu kabisa kwa Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, ambaye kwao alikozaliwa ni jimbo la Saar, huko huko iliko Saarlouis, upande wa "adui". Kwa hiyo anayekwambia anza tu, serikali itafuata, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Pelekeni taarifa wizarani kwa maandishi. Msipojibiwa, angalau mtakuwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Tumeandaa barua nzuri kwa meya wao. Tuitume? (Katibu wa kamati ya wananchi)

Bado. Ikunjeni kwanza muiweke. Barua kwa meya asiyewajua humtia mashakani: akiijibu ataulizwa, asipoijibu ataonekana hana adabu. Tafuteni kwanza uzi uliokwisha kuwapo kati ya miji yenu, hata kama umechakaa.

Watu wa Mobile waliuona uzi huo kwenye kaburi. Pierre Le Moyne d'Iberville, Mfaransa aliyeanzisha mji wao mwaka 1702, alifia Havana mwaka 1706. Hapo hakuna ujamaa wala ubepari, kuna marehemu mmoja tu ambaye miji miwili inamdai.

Kuna na uzi wa damu. Wayupik, wenyeji wa asili wa Alaska na Siberia, ni watu wamoja, lakini kuanzia 1948 mlango wa bahari wa Bering ulifungwa na ndugu wakakatwa. Juni 1988 ndege iliondoka Nome, Alaska, na kutua Provideniya, upande wa Kisovieti, ikiwa na wazee ndani yake. Walisalimiana kwa lugha ambayo si Kiingereza wala Kirusi. Wakalimani wa serikali, nadhani, walikosa kazi siku hiyo.

Halafu kuna mtu mwenyewe. Ludwigsburg na Montbéliard zilianza udugu wa kwanza kati ya mji wa Ujerumani na wa Ufaransa mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Historia ilisaidia, kwa sababu Montbéliard ilikaa chini ya ukoo wa watawala wa Württemberg, eneo la Ujerumani iliko Ludwigsburg, karibu miaka 400. Lakini kilichonigusa mimi ni meya wa Montbéliard, Lucien Tharradin. Alikuwa mfungwa wa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Mtu aliyetoka huko akisema tuwapokee Wajerumani, nani mjini atathubutu kumwita msaliti? Kabla ya kumtafuta meya wao, mtafuteni Tharradin wenu.

Miaka mitatu tumebadilishana salamu, ngao na picha za pamoja. Wapiga kura wangu wanauliza faida iko wapi. (Diwani)

Mheshimiwa, wapiga kura wako wana haki. Ngao ya ukutani haimlazimishi mtu yeyote kupiga simu Jumatatu asubuhi. Bomba linalovuja linamlazimisha.

Nasema bomba kwa sababu mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa maji taka. Nicosia, mji mkuu wa Cyprus, uligawanyika mwaka 1974: Wagiriki wa Cyprus kusini, Waturuki wa Cyprus kaskazini, katikati askari wa Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo mji ulikuwa umeanza kujengewa mfumo wa maji taka. Mpaka wa kusitisha vita ulipochorwa, mabomba mengi yalibaki kusini na mahali pa mtambo wa kusafishia pakaangukia kaskazini. Kusini walikuwa na mabomba yasiyo na pa kumwaga, kaskazini walikuwa na pa kumwaga pasipo na mabomba ya kutosha. Na uchafu, kama ujuavyo, haungoji mazungumzo ya amani.

Mameya wawili, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, wakaanza kukutana. Upande mmoja haukuutambua utawala wa mwingine. Hata kuitana vyeo kulikuwa na utata. Wakaacha suala la nani ni nani, wakashika suala la bomba lipite wapi. Mfumo ukakamilika, na mpaka leo maji taka kutoka pande zote mbili hukutana kwenye mtambo mmoja. Mwaka 1979, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wakaanza mpango mkuu wa pamoja wa mji mzima, ramani moja kwa mji ambao mtu hakuweza kuuvuka kwa miguu. Nyumba kongwe ndani ya kuta zilikarabatiwa pande zote, na mwaka 2007 ukarabati huo ukapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan.

Cyprus bado imegawanyika, sitakudanganya. Ila angalia kilichowaweka mezani: kazi ambayo upande mmoja peke yake hauwezi kuimaliza. Ndiyo ya kutafuta. Mto mnaoshirikiana, mbu wasiojua mpaka, moto wa msitu, ugonjwa wa mifugo, daftari za vizazi na vifo zilizobaki kwenye ghala la upande wa pili. Bajeti ya chakula cha jioni ipunguzeni nusu, muwape wahandisi na wauguzi wenu nauli ya kwenda kukaa wiki mbili. Mkikuta hamna kazi yoyote ya namna hiyo, pengine mlichagua mji usio wenu.

Nilizika wanangu wawili kwa sababu ya hao mnaotaka niwaite dada. Mnataka tusahau? (Mzee, hakutaja mji)

Shikamoo, mzee wangu. Pole sana. Sina haki ya kukuomba usahau, na hakuna mji wenye haki hiyo.

Nitakueleza tu waliyofanya wengine. Coventry, mji wa Uingereza, ililipuliwa na ndege za Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Dresden ya Ujerumani ililipuliwa na ndege za Uingereza na Marekani Februari 1945. Mwaka 1959 miji hiyo miwili ikawa pacha, na msiba ndio uliowakutanisha. Saint Paul, Minnesota, ilipoungana na Nagasaki mwaka 1955, siku yenyewe ilikuwa 7 Desemba, kumbukumbu ya shambulio la Japani dhidi ya Marekani huko Pearl Harbor. Hawakuikwepa siku ya uchungu, waliikalia.

Anayejaribu kusahau ndiye hubomoa. Februari 2012 meya wa Nagoya ya Japani, Takashi Kawamura, aliwaambia wageni kutoka Nanjing ya China kwamba anadhani mauaji ambayo jeshi la Japani liliyafanya mjini kwao mwaka 1937 hayakutokea. Nanjing ikasimamisha uhusiano uliokuwapo tangu 1978. Miaka 34, sentensi moja.

Kamati yoyote inayokuja kwako na maneno ya "yaliyopita si ndwele", mzee, ifungie mlango. Ikija kukuuliza majina ya wanao yaandikwe wapi, labda uiache ikae kidogo. Na hata hiyo si lazima.

Nchi yao imewekewa vikwazo. Tunaweza kuwatumia vifaa vya hospitali? (Muuguzi)

Msitume hata kompyuta kuukuu kabla ya kupata jibu la mwanasheria anayejua vikwazo hivyo hasa. Mara nyingi dawa na misaada ya kibinadamu vina msamaha, lakini huombewa kibali, na hata kibali kikiwapo benki huogopa na kuzuia fedha. Vilivyo vyepesi ni watu, maonyesho na ujuzi, ingawa mafunzo kwa njia ya mtandao nayo yaulizieni.

Kuna pia njia ya mji wa tatu, unaozungumza na wote wawili na kuwapa ukumbi na msaada wa kupata viza. Barcelona iliungana na Tel Aviv na Gaza kwa pamoja mwaka 1998. Cologne ya Ujerumani ina udugu na Tel Aviv tangu 1979 na Bethlehem ya Wapalestina tangu 1996. Lakini mwenyeji naye ana siasa zake: mwaka 2023 meya wa Barcelona, Ada Colau, alisimamisha uhusiano na Tel Aviv, na ukumbi wa watatu ukabaki na kiti kitupu.

Hawa wageni si majasusi tu na wapiga propaganda? (Asiyeamini)

Baadhi, ndiyo. Ujerumani Mashariki iliwachagua wajumbe wake mmoja mmoja, watiifu watupu, na usalama wa taifa ulikuwa nyuma yao. Watu wa Magharibi waliolalamika kwamba wanakula chakula na makada hawakukosea. Hata hivyo Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, miji ya Mashariki iliyohitaji kujifunza upya namna ya kuendesha halmashauri ilikuwa na namba za simu za watu wa Magharibi wanaowafahamu, na msaada ulipita humo.

Msitarajie makubwa mno, lakini. Mwaka 1985 ofisa kijana wa wilaya moja ya Hebei alifika Muscatine, mji mdogo wa Iowa, kujifunza kilimo, kwa kuwa Iowa na Hebei zilikuwa na udugu tangu 1983. Alilala nyumbani kwa wenyeji. Jina lake Xi Jinping. Alirudi kuwasalimu mwaka 2012 akiwa makamu wa rais. Mwaka 2018 China na Marekani zilipoanza kutozana ushuru, soya ya wakulima wa Iowa ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuumia.

Wenzetu wamefanya jambo tusiloweza kulimeza. Tuvunje? (Naibu meya)

Kuvunja ni rahisi, na magazeti hupenda. Osaka ilivunja mwaka 2018 udugu wake na San Francisco, wa tangu 1957, kwa sababu ya sanamu ya kumbukumbu ya wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani. Sanamu ilibaki pale pale. Coventry ilisimamisha uhusiano na Volgograd mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ingawa udugu wao ulizaliwa vitani, wakati Volgograd ikiitwa Stalingrad. Ningependelea neno hilo, *kusimamisha*. Linasema hatukubali, na linaacha ufunguo ndani ya kufuli.

Isipokuwa hati yenyewe iwe mbovu tangu mwanzo. Prague ilijitoa kwa Beijing mwaka 2019 kwa sababu ya kifungu kilichoulazimisha mji kukiri kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Miezi michache baadaye ikaungana na Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Naibu meya, someni hati yenu leo jioni, na mkikuta humo sera ya taifa la mtu, ombeni iondolewe mapema, siku za amani.

Kamati yetu imegombana juu ya jina: miji dada, miji pacha au miji rafiki? (Kijana)

Mwanangu, mmebahatika kama ugomvi wenu ndio huo. Wamarekani husema dada, Wafaransa husema pacha, Wajerumani husema mshirika. Wachina huchagua rafiki, kwa kuwa kwao dada lazima awe mkubwa au mdogo, na hakuna mji unaotaka kuwa mdogo. Kiswahili nacho hakiko mbali: ukisema dada, wengi wetu tunamwona mkubwa.

Warusi wana neno lao ambalo mabibi na mababu zetu wangelielewa bila mkalimani. Huiita miji ya namna hii ndugu wa kuapizana, wale ambao kwetu waliitwa ndugu wa kuchanjiana. Na watu hawakuchanjiana na ndugu wa tumbo moja. Walichanjiana na mtu wa mbali waliyehitaji kupita kwake salama.

Pigeni kura, mwendelee na kazi.