Jifunze nanga kabla ya tanga

Kila kaskazi ikianza kuvuma napigiwa simu na vijana wawili watatu wanaotaka kazi ya kuishi chomboni. Wameona picha: mashua nyeupe, maji ya feruzi, mtu kajilaza omo, mbele ya chombo, na dafu mkononi. Swali lao huwa lile lile, kwamba inachukua muda gani kujua tanga. Tanga utalijua ndani ya mwezi mmoja. Kutweka, kutua, kupunguza upepo ukizidi, kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, hayo mkono unayashika haraka, na kama umekulia kwenye ngalawa kama mimi, nusu yake unayo tayari.

Nimekaa miaka sita kwenye mashua ya futi 38, baharia pekee wa mume na mke wastaafu waliokuja na chombo chao kutoka Ulaya. Tulizunguka Kilifi, Tanga, Pemba, Unguja, Mafia na Kilwa. Mwaka mmoja nilikaa nikahesabu siku za safari kwenye daftari letu, hazikufika 70. Siku zote zilizobaki tulikuwa tumetia nanga mahali. Kwa hiyo kazi unayoiomba ni kazi ya nanga, na huko ndiko nilikoumbuka.

Ilikuwa mwezi wangu wa tatu, kwenye ghuba moja ya magharibi ya Pemba, mikoko pande zote, maji yametulia kama ya bakuli. Tulifika saa kumi na robo jioni. Kipimo kilisoma mita 4.5, na mkuku wetu, uti wa chini wa chombo, unazama mita 1.6. Nikaona pana nafasi tele, nikashusha nanga, nikajisifu. Mzee mmoja akapita na ngalawa yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatutazama.

"Mnalala hapa?"

"Tunalala, mzee."

"Haya. Basi lalieni ubavu wa kushoto, mwanangu."

Nilicheka, nikadhani ni utani wa Wapemba. Saa mbili usiku chombo kikagusa mchanga, kikaanza kuinama taratibu upande wa kushoto. Sufuria la wali likateleza jikoni, vitabu vikamwagika, bibi mwenye chombo akajikuta amekaa juu ya ukuta. Tulipwelewa mpaka karibu saa saba usiku, maji yalipopanda na kutuinua tena. Hakuna kilichovunjika isipokuwa vikombe na heshima yangu.

Kosa langu lilikuwa la hesabu ambayo mtoto wa pwani hapaswi kukosea. Siku ile ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, mwezi mpevu umepita jana yake. Huku kwetu, kuanzia Tanga hadi Unguja na Pemba, siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Na bamvua ina saa zake: maji hujaa mnamo saa kumi, jioni na alfajiri, hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, hadi baada ya wiki unakuta maji mafu, ambapo tofauti haifiki hata mita 2. Nilipopima mita 4.5 nilikuwa nimepima kilele. Toa 4, imebaki nusu mita.

Na usidhani ukiingia maji yamekupwa umesalimika, kwa sababu hapo kosa linageuka. Umetia nanga penye mita 5, ukatoa mnyororo wa mita 25 kwa kanuni ya mara tano ya kina. Maji yakijaa kina kinakuwa 9, ongeza mita moja ya kimo cha omo, unahitaji 50. Mnyororo mfupi huvutwa juu, nanga inang'oka, inaanza kukokota, nawe umelala. Hesabu mnyororo kwa maji yaliyojaa, na hesabu kina kwa maji yaliyokupwa. Kisha rudisha nyuma kwa injini nanga ijizike. Halafu vaa miwani ya kuzamia ushuke uitazame kwa macho yako imeshika nini. Kama imeshika matumbawe, ing'oe utafute mchanga. Tumbawe moja linachukua miaka mingi kukua na mnyororo unalisaga kwa usiku mmoja. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, hairuhusiwi kabisa kutia nanga juu ya mwamba wake, na ukiingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, kuna ada ya kulipa, basi usijifiche.

Kabla ya kulala chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mathalani mnazi na mnara wa msikiti nyuma yake. Ukiamka usiku na mnazi umeuacha mnara, chombo kimehama. Simu siku hizi ina programu ya kupiga kengele nanga ikikokota, nami ninayo, lakini simu huisha chaji na mnara wa msikiti hauishi.

Sasa upepo. Vijana wa bara mnasoma kwamba kusi ni Aprili mpaka Septemba na kaskazi ni Desemba mpaka Machi, mnadhani mmemaliza. Kuna mkondo pia. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, kwenye mlango wa bahari wa Pemba, unaweza kufika maili 4 za bahari kwa saa. Mwaka wangu wa pili tulitoka Tanga mwezi Julai kwenda Unguja, kusi mbele, mkondo mbele. Mashua ilikata maji maili 5 kwa saa, tukipiga bisho kutwa, na jioni bado tulikuwa tunaitazama milima ile ile ya Usambara. Tulirudi. Mzee mmoja wa jahazi pale Tanga ndiye aliyenifundisha: kwenda kusini subiri matlai, upepo wa kutoka mashariki, ya Oktoba na Novemba au kaskazi yenyewe; na kama huna budi, ondoka alfajiri na umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, ujibane ndani ya miamba karibu na pwani ambako mkondo ni dhaifu. Majahazi yamekuwa yakifanya hivyo karne na karne.

Tufani tulizoea kusema ni za Msumbiji na Madagaska. Kweli mara nyingi ni huko. Lakini mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kwa hiyo miezi ya mwisho ya kaskazi hadi masika sikiliza taarifa za hali ya hewa kila siku, hata kama wenyeji wanakucheka.

Kuingia kati ya miamba, fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua liwe juu na nyuma yako. Buluu nzito ni kina, kijani ni kina kidogo juu ya mchanga, kahawia ni mwamba unaokusubiri. Jua likiwa usoni rangi zote hugeuka fedha na huoni kitu. Ramani ya kwenye kompyuta haitoshi. Nimewahi kuiona ikituonyesha tuko juu ya kisiwa, ilhali tunaelea majini.

Ndani ya chombo, kitu cha kuogopa kuliko papa ni gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa. Jikoni nyumbani inatoka mlangoni, chomboni inashuka hadi ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa huko ikingoja cheche. Funga valvu kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika, hata kama utachemsha chai baada ya nusu saa. Ngama yenyewe itazame kila asubuhi, na ukikuta maji yaonje kwa ncha ya ulimi: ya chumvi, bahari inaingia, matamu, tangi linavuja. Tangi letu lilikuwa la lita 300 kwa watu watatu. Lita 6 kila mtu kwa siku, inakupa siku 16. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, mwili vilevile, na kopo moja tu la maji matamu la kusuuzia. Maboksi ya karatasi yaache gatini, mende hutaga humo.

Kuhusu wenye chombo nitasema machache. Kubalianeni mapema mshahara, likizo, na nani anakula nini mwezi wa Ramadhani. Pasi yako ya kusafiria ikae mkobani mwako. Na jifunze kusema "hapana, leo hatutoki", kwa adabu lakini wazi. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuweza, kwa kuwa nilidhani anayelipa ndiye nahodha wa upepo pia. Siku nilipoliweza, babu mwenye chombo aliniuliza sababu, nikamwonyesha mawingu, akaenda kuchemsha kahawa.

Kijijini mkishuka, jifunikeni, pigeni hodi, muulize wavuvi wametega nyavu wapi. Usiku ngalawa nyingi hazina taa, kwa hiyo ukishika zamu tumia masikio.

Yule mzee wa Pemba nilimkuta tena mwaka uliofuata. Tulitia nanga mbali zaidi, penye mita 9. Alipita akatazama, hakusema kitu, akatutupia pweza sitahani.

Ukiamua kuja, njoo na kisu, tochi ya kichwani, kofia yenye kamba, na begi la kitambaa linalokunjika. Kijana wa mwisho niliyempokea alikuja na sanduku la magurudumu. Halikuingia mlango wowote, likalala nje kwenye mvua wiki nzima hadi tulipolishusha Tanga.