Fidia maalumu ya askari wa zamani Marekani: K, L, S na vishoka

Barua zimejaa tena, na nusu yake ni swali lile lile. Nianze nalo nilimalize.

Nina ulemavu wa asilimia 100 kutoka VA, idara ya Marekani ya askari wa zamani. Kuna kitu juu ya hapo?

Kipo, na nimelijibu hili hadi nimechoka. Fidia maalumu ya kila mwezi kwa sehemu kubwa haiendi kwa asilimia, inaenda kwa hasara: mkono, mguu, jicho, uziwi wa masikio yote mawili, kulala kitandani siku zote, kuhitaji mtu wa kukuhudumia. Madaraja yake yana herufi: K ni ya kupoteza kiungo au uwezo wake, L ni ya, kwa mfano, anayehitaji mtu wa kumhudumia, na S ni ya mwenye ulemavu mmoja wa 100 na mingine kando yake. Ukiniandikia tena, niambie barua ya uamuzi inasema nini juu ya kila ulemavu. "Nina 100" haitoshi.

Kwa viwango vya 2025, L ilikuwa dola 4,767 kwa asiye na familia. Najumlisha na 3,831 za asilimia 100?

Hapana. L inachukua nafasi ya hizo 3,831. Inayowekwa juu ya malipo ya kawaida ni K, dola 136 kwa viwango hivyo vya 2025. Anayekuahidi 8,500 na ushee anataka kukutapeli.

Dawa za kiwewe cha vita zimenimaliza nguvu za kiume. Eti hilo nalo linalipwa?

Ndiyo, ni K. Tatizo lenyewe kwa kawaida huandikwa asilimia 0, mkaona hamna kitu mkanyamaza. Mwambie daktari aandike kwamba limetokana na dawa, kisha dai.

Mume wangu aliumia mgongo na mabega Afghanistan. Mimi ndiye ninayemvisha na kumwogesha. Dai la kuhitaji msaidizi limekataliwa. Mpimaji ameandika kwamba anajitegemea. (Mama watoto, Dallas)

Dada, mpimaji aliandika alichoambiwa. Mumeo aliulizwa hali, akajibu salama, anamshukuru Mungu. Wanaume wa kwetu ndivyo tulivyo: afadhali akose hela kuliko kumwambia daktari kijana kwamba mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Kumbe ndilo linalopimwa! Kanuni inatazama kuvaa, kuoga, kula, kwenda chooni, kurekebisha viungo bandia, kujikinga na hatari za nyumbani. Si lazima yote yamshinde. Mahakama ya maveterani ilishalisema hilo mwaka 1996. Wala si lazima msaada uwe wa saa 24, mradi unahitajika mara kwa mara.

Daktari wake ajaze fomu 21-2680, tena baada ya kumwona akihangaika na hilo shati. Wewe andika taarifa yako: nani anamvuta soksi asubuhi, nani anamkatia nyama kwenye sahani, siku mbaya zinakuwaje. Ionekane wazi kwamba chanzo ni majeraha ya jeshini, si maradhi ya juzi. Mna mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kupinga bila kupoteza tarehe ya dai. Usimwachie yeye hizo karatasi.

Nina 100 kwa kiwewe peke yake, goti 30, mgongo 40. Sijawahi kupewa S.

Ulistahili. S inataka ulemavu mmoja wenye 100, na mingine ya kando inayofika 60. Kwa hesabu ya VA, ambayo 30 huchukuliwa kwenye 60 iliyobaki, 40 na 30 ni 58, inakuwa 60. Tena VA inatakiwa kuitazama yenyewe bila kuombwa. Mahakama ilishasema hivyo mwaka 1991. Omba mapitio. Lakini wenye 100 ya kuunganisha vidonda vidogo vidogo msikimbilie hapa, hamumo.

Kuna jamaa atanijazia dai langu la kwanza, nimlipe nyongeza ya fidia nitakayopata ya miezi mitano.

Kishoka huyo. Sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa dai la kwanza. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi kutoka, na vyama vya maveterani vinasaidia bure. Kama umeshampa nywila yako ya VA, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Nikirudi Mombasa nitakatwa?

Hukatwi, fidia inakufuata. Sasisha anwani, maana barua ya kuitwa kupimwa ikipotea dai linaweza kuanguka. Matibabu ya ulemavu wa jeshini yana mpango wake wa nje ya nchi. Lipa, tunza risiti, udai. Malaria ya Likoni ni juu yako.