Mteja ni kaka yako, si wewe

Dada, pole. Unasema kaka yako ni kiziwi, kesi ni ya kiwanja chake cha Pongwe, na wakili anaongea na wewe tu halafu anamtaka kaka atie dole gumba kwenye makubaliano. Asitie kwanza! Mteja ni yeye, hata kama ada umelipa wewe. Uamuzi wa kukubali au kukataa ni wake, na siri za kesi ni zake pia. Ana haki ya kuongea na wakili ukiwa nje. Uziwi haumwondolei mtu akili.

Wakili atafute mkalimani wa lugha ya alama asiye na maslahi na kiwanja. Wewe usitafsiri (samahani, lakini na wewe ni ndugu mwenye fungu lako). Aulizie CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania. Karatasi isomwe kifungu kwa kifungu, na kaka aeleze kwa ishara zake alivyoelewa. Kutikisa kichwa tu hakutoshi.

Mahakamani asihofu: Sheria ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au ishara. Wakili akigoma, mbadilisheni. Mkishindwa ada, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo.