Kodi ya nyumba haielezi kila kitu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza hivi: muuguzi aliyemaliza chuo na kupata leseni Marekani afuate jimbo linalolipa zaidi, au abaki penye maisha nafuu? Jibu la wengi nalijua, maana nalisikia kila mwaka wahitimu wapya wanapoingia wodini: "Usidanganyike na hela za California, zote zitaishia kwa mwenye nyumba." Jibu hilo lina ukweli wake, ila halijakamilika, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayowaumiza vijana.

Kwanza pengo lenyewe. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023, wastani wa mshahara wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 137,690 kwa mwaka California, na dola 69,030 South Dakota. Ni karibu mara mbili, ndani ya nchi moja, kwa mtihani uleule wa leseni. Wastani huo unawachanganya na waliokaa kazini miaka ishirini, kwa hiyo anayeanza asiuhesabu kama wake. Lakini pengo linaonekana tangu hundi ya kwanza.

Binti mmoja tuliyekuwa zamu moja aliniletea ofa mbili kwenye simu yake, moja ya kusini na moja ya pwani ya magharibi. Tarakimu zake kamili nitamwachia mwenyewe. Tuseme ya kwanza ilikuwa dola 33 kwa saa na ya pili 62. Wauguzi wengi wa hospitali hufanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki, yaani saa 1,872 kwa mwaka. Ofa ya kwanza inakuwa dola 61,776, ya pili 116,064. Tofauti ni dola 54,288. Kata asilimia 40 ya tofauti hiyo kwa kodi ya serikali kuu, kodi ya jimbo na makato mengine, zinabaki kama 32,500. Sasa mwongezee mwenye nyumba dola 1,500 kila mwezi, ambazo ni 18,000 kwa mwaka. Bado una zaidi ya 14,000. Petroli na chakula vitazipunguza, sikatai, lakini kusema zote zimemezwa si kweli. Na huyo binti hana mume wala mtoto. Anaweza kupanga nyumba na wenzake wawili. Mwenye watoto watatu na mwenzi ambaye bado hajapata kibali cha kazi hesabu yake ni nyingine kabisa, na huyo simshauri ahame kwa sababu ya makala ya gazetini.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa maisha nafuu hawaligusi. Mkopo wa chuo hauulizi unaishi wapi. Ukidaiwa dola 40,000, ni 40,000 uwe Alabama au San Francisco. Fedha unazowatumia wazazi ni hivyo hivyo. Na mchango wa mwajiri kwenye akiba ya uzeeni hukua pamoja na mshahara, maana huo kwa kawaida hupigwa kwa asilimia yake. Kitu pekee kinachopungua bei ukihamia penye nafuu ni kile unachokinunua pale pale.

Tena, kama kodi ya nyumba ndiyo inayopanga mishahara, mtu anieleze Florida. Kupanga Miami ni ghali hata kwa daktari, lakini wastani wa mshahara wa muuguzi Florida uko chini ya wastani wa taifa. Ina maana kuna mengine yanayopanga mshahara.

La kwanza ni chama cha wafanyakazi. California wauguzi wamejipanga kwa muda mrefu na hugoma inapobidi. Kusini vyama ni dhaifu na sheria nyingi za majimbo haziviungi mkono. La pili ni idadi ya waajiri. Mji wenye kampuni moja inayomiliki hospitali zote, muuguzi asiyeridhika ataenda wapi? Wachumi Elena Prager na Matt Schmitt walionyesha mwaka 2021 kwamba hospitali kubwa zinapoungana na ushindani ukapungua sana, mishahara ya wauguzi huanza kupanda polepole kuliko kwingine. La tatu halizungumzwi wodini, nalo ni namna Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inavyozilipa hospitali. Tangu mfumo wa malipo wa 1983, sehemu ya malipo hayo hurekebishwa kwa kipimo cha mishahara ya eneo husika, na kipimo chenyewe hutokana na mishahara ambayo hospitali za eneo hilo zililipa miaka michache nyuma. Waliolipa kidogo wanarudishiwa kidogo, basi wanaendelea kulipa kidogo. Hospitali za Alabama zimelilalamikia jambo hilo miaka na miaka.

Linganisha na Uingereza, ambako tangu 2004 huduma ya afya ya taifa ina ngazi za mishahara zilizo wazi. Muuguzi anayeanza Manchester na mwenzake wa Cornwall wanapata kiwango kilekile cha msingi. Wa London ya ndani anaongezewa asilimia 20, kwa kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Huko ndiko ushauri wa kuangalia kodi ya nyumba kwanza unakofaa. Kuuchukua mzimamzima na kuupeleka Marekani ni kuwapoteza watu.

Sasa nije kwenye linalonifanya niandike. Wanaosifu penye maisha nafuu husema pia kwamba huko kazi ni tulivu, unalipwa kidogo lakini unapumua. Niliyoyaona ni kinyume: mshahara mdogo na wagonjwa wengi mara nyingi hukaa nyumba moja, kwa sababu nguvu ileile inayopandisha mshahara ndiyo inayoweka ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi. California ilipitisha sheria ya ukomo huo mwaka 1999, ikaanza kutumika Januari 2004. Katika wodi ya kawaida ya magonjwa na upasuaji, muuguzi mmoja hapewi wagonjwa zaidi ya 5 tangu 2005. Kwa mahututi ni 2. Oregon ikaweka ya kwake 2023. Majimbo mengi hayana kikomo chochote cha kisheria kwa wodi hizo. Msimamizi wa zamu anagawa kulingana na waliofika.

Asiyewahi kufanya kazi hii anaweza kudhani watano na saba ni tofauti ya watu wawili tu. Saa tatu usiku dawa za wote zinatakiwa kwa pamoja. Ukiwa na watano, unaingia kwa mzee aliyebadilishwa nyonga, unampa vidonge, unafunua bandeji, unaushika mguu kuona kama una joto kuliko mwenzake, unamuuliza kama ameweza kukojoa tangu katheta itolewe. Ukiwa na saba, unampa vidonge na kutoka, kwa sababu mashine ya dripu ya chumba cha pili inapiga kelele na wa mwisho kwenye orodha yako atameza dawa ya saa tatu saa nne na nusu. Mguu utauangalia baadaye. Muuguzi mwenye miaka kumi anajua mguu upi hauwezi kungoja. Anayeanza hajui bado, na ndiye anayepewa zamu ya usiku.

Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, uliofanywa kwa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za Pennsylvania, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi uliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kazi kabisa. Hiyo asilimia 23 ningependa kila mhitimu aibandike juu ya barua yake ya ofa, karibu na ile namba ya dola kwa saa.

Kwa hiyo nikiulizwa jibu langu: ndiyo, fuata jimbo linalolipa, mradi umethibitisha kuwa linalipa pamoja na ukomo wa wagonjwa. Ukishindwa kuingia huko moja kwa moja, na wengi hushindwa, maana hospitali za California hupenda wenye uzoefu na nafasi za wahitimu wapya hugombaniwa, basi mahali pa kuanzia pachague kwa mafunzo. Kwenye usaili uliza mambo matatu bila aibu. Nitafundishwa kwa wiki ngapi kabla ya kupewa wagonjwa wangu peke yangu? Muuguzi atakayenifundisha ni mmoja, au kila siku mwingine? Na jana usiku, wodi hii, kila muuguzi alikuwa na wagonjwa wangapi? Waulize ya jana hasa, si ya kwenye makaratasi. Anayekujibu "inategemea" amekujibu.

Wapo wanaosema anzia hospitali ndogo ya kijijini, utaona kila kitu. Utaona, ila usiku wa manane daktari yuko nyumbani kwake na muuguzi mzoefu wa kumuuliza ni mmoja. Nafaa huko mimi. Wewe wa mwaka wa kwanza ngoja kidogo.

Bonasi ya kujiunga nayo naiangalia kwa jicho baya. Mara nyingi dola 10,000 au 15,000 huja na kifungo cha miaka miwili, na ukiondoka mapema unarudisha. Soma kama utarudisha yote au sehemu kulingana na miezi uliyokaa, na kama unadaiwa kiasi kabla ya makato ya kodi au kile kilichokufikia mkononi. Nimemwona kijana mwenye akili timamu akivumilia wodi ya wagonjwa wanane kwa sababu tu alikwishanunua gari kwa hela hiyo. Mahali pazuri pa kazi hapahitaji kukununua kwa bei kubwa namna hiyo, ingawa siku hizi hata pazuri wanaanza kutoa.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Majimbo mengi yamo katika mkataba wa leseni za uuguzi, kwa hiyo mkazi wa Texas mwenye leseni ya majimbo mengi anaweza kufanya kazi Arizona bila kuomba upya. California haimo. Leseni hiyo ya Texas haikuruhusu kumhudumia mgonjwa hata mmoja San Diego. Unaomba ya California yenyewe, kwa alama za vidole, uthibitisho wa leseni uliyonayo na ada yake, na majibu hayaji kesho. Yule binti alichukua ofa ya kusini, kwa sababu walimhakikishia wiki kumi na mbili za mafunzo na mwalimu mmoja, na bila bonasi. Fomu za California nimemwambia azijaze mwaka huu huu, angali huko kusini.