Mkeo Hachepuki, Anakimbia

Baba wa watoto wawili wa Mbagala ameniandikia kurasa nne. Mkewe kajiunga na klabu ya jogingi. Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anavaa taiti na raba, anatoka, anarudi saa mbili watoto hawajanywa chai. Anataka nimkanye aache "uhuni huo". Halafu binti yao wa darasa la sita kachaguliwa timu ya netiboli ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, naye baba kagoma kusaini fomu, asije "akafuata nyayo za mama yake".

Pole, mwanangu. Maneno ya mtaani yanauma, najua. Pole yangu imeishia hapo.

Kuna mambo umeyaandika bila kujua umeyaandika. Ukurasa wa tatu unasema Ijumaa unakaa na wenzako kwenye mpira hadi saa saba usiku. Sasa hiyo Jumamosi watoto wanapokosa chai, mtu mzima aliyelala ndani ni nani, jirani? Tena mkeo alianza kukimbia baada ya kupimwa akakutwa na presha. Hilo umelipa nusu mstari, taiti ukaipa ukurasa mzima. Ningekuwa mama mkwe wako ningekuita kikao.

Unasema mazoezi ya mwanamke ni deki na kufua. Deki inatoa jasho, sikatai. Lakini Shirika la Afya Duniani linaposema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, halikuandika "wanaume tu". Na mkeo akiwa kwenye jogingi hakuna anayemwita aje amtafutie soksi.

"Tangu apungue amebadilika." Hapo ndipo penye jipu! Yeye kapungua, wewe kitambi kinaongezeka, unaogopa atatazamwa. Huo ni wivu, usiuvishe kanzu ya maadili.

Nyie waume wa siku hizi mnanishangaza. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua 2018, akarudi uwanjani, akabeba dhahabu ya Olimpiki mita 1,500 kule Tokyo, akaibeba tena Paris 2024. Mlishangilia. Magdalena Shauri wetu alipomaliza wa tatu Berlin Marathon 2023 kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa, kila mtu alikuwa kaka yake. Wale hawakuvaa baibui kukimbia, na hamkuona uhuni. Mama watoto akikatiza Barabara ya Kilwa na taiti, ndoa inatikisika. Mkuki kwa nguruwe! Zamani baba alitaka mke mwenye nguvu za kubeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Leo mnataka mke mwenye nguvu ila asionekane akizitafuta.

Nakuunga mkono kwa moja tu: saa kumi na moja bado giza, asitembee peke yake hadi klabu inapokutana. Msindikize. Ukifika huko utawaona hao wanaume unaowahofia. Wengi nao wamefukuzwa na presha. Raba yako ikiwa imechakaa, nunua nyingine, ukae nyuma na wanaoanza.

Ukishindwa kukimbia, rudi ukawachemshie watoto chai. Na fomu ya binti isaini leo, mwalimu anaisubiri.